Nunua skrini kwanza, boksi baadaye

Kila msimu wa harusi unapokaribia, vijana wanaoanza kazi ya picha huniuliza swali lilelile: "Dada, ninunue kompyuta gani ya kueditia?" Wengi wao huwa wameshajijibu. Wamezunguka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, wameona boksi jeusi lenye taa za rangi, wameambiwa ni i7 na ina kadi ya grafiki ya kuchezea gemu, na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Mimi huwanyima baraka hiyo, na leo nataka kueleza hadharani kwa nini.

Msimamo wangu ni huu. Katika kila shilingi kumi ulizotenga kwa kompyuta ya mezani ya kuhariri picha, nne ziende kwenye skrini. Tatu ziende kwenye boksi lenyewe, mbili kwenye diski za kuhifadhia kazi, na moja kwenye UPS. Wauzaji wengi wanakugawia kinyume: karibu zote zinamezwa na boksi, kisha skrini unapewa kama nyongeza, monita yoyote iliyokuwapo nyuma ya duka, ilimradi inawaka.

Mteja wa picha hanunui kasi. Bibi harusi hajui wala hajali kama picha yake ilifunguka kwa sekunde moja au kwa nne. Anachokijua kuliko fundi yeyote ni uso wake, uso wa mama yake, na rangi ya sare ambayo kamati iliibishania kikao baada ya kikao. Hivyo vitatu vikitoka vibaya, hakuna prosesa itakayokutetea.

Mama mmoja wa Mbagala aliwahi kunijia ofisini, Kinondoni, na albamu ya harusi ya binti yake iliyotengenezwa na studio nyingine. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaiweka albamu mezani hata kabla hajaketi. "Mwanangu, wewe kazi yako ni hii. Hebu niambie, huyu ndiye mtoto wangu?" Binti yake ni mweusi wa kung'aa, weusi ule ambao jua la jioni likiupiga hutoa wekundu kwa mbali. Kwenye albamu alikuwa na rangi ya majivu. Poda ya usoni ilikuwa imeachana kabisa na shingo. Suti ya bwana harusi ilikuwa bonge moja jeusi lisilo na kola wala vifungo, na sare za zambarau za mashangazi zilikuwa bluu.

Alikuja pia na faili za mwanzo kwenye fleshi. Nilipozifungua, kila kitu kilikuwamo: wekundu wa ngozi, kola ya suti, hata mishono ya mfukoni. Kamera haikuwa na kosa. Kijana aliyezihariri namfahamu, mkono wake ni mzuri na ana subira kuliko wengi. Ila alikuwa na boksi la bei mbaya lililounganishwa na monita kuukuu ya ofisini, ya zile ambazo ukiinama kidogo rangi zinageuka. Alikuwa anainua mwanga wa nyuso kwa sababu skrini ilizizamisha, na anapunguza wekundu kwa sababu skrini iliuzidisha. Alikuwa anasahihisha makosa ya skrini yake juu ya nyuso za watu.

Kwa sisi watu weusi jambo hili lina historia yake. Tangu miaka ya 1950, maabara zilizosafisha picha za rangi kwa vifaa vya Kodak zilikuwa zikipewa kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mmoja wa wale wa mwanzo aliitwa Shirley, na kadi zote zikashika jina lake. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, na ngozi nyingine zote zikapata zilichopata. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwa kirefu juu ya kadi hizo, na ameonyesha kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu yalikuwamo ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao waliona picha za matangazo haziwezi kutenganisha rangi za bidhaa zao zilizokolea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwongozaji wa sinema Jean-Luc Godard, akiwa kazini Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Leo kisingizio cha filamu hakipo. Kamera nyingi za kisasa zikipiga faili ghafi la biti 14 huhifadhi ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ina ngazi 256 tu. Weusi wetu wote umo mle ndani, na vivuli vyake na mng'ao wake. Hakuna kadi ya Kodak inayotuamulia tena. Anayeamua ni mtu aliyekaa Sinza au Buguruni mbele ya kioo chake, na anaamua kwa kile ambacho kioo kinamwonyesha. Ndiyo maana katika jambo la skrini mimi sina upole.

Sasa, skrini ya kufaa unaijuaje? Anza kwa kutafuta herufi IPS kwenye kasha la monita. Paneli za aina hiyo rangi zake hazigeuki ukizitazama kwa pembeni. Paneli za TN, zilizojaa kwenye monita za zamani za ofisini, hubadilika hata ukiegemea kiti tu. Baada ya hapo tafuta maandishi ya sRGB asilimia 100, au karibu na hapo. Hicho ni kipimo cha rangi kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndicho kinachotumika kwenye intaneti na kwenye maabara nyingi za kuchapa. Ukikuta pameandikwa NTSC asilimia 45, iache palepale. Hiyo haifiki hata theluthi mbili ya sRGB. NTSC asilimia 72 ndiyo inayoikaribia sRGB kamili. Kuna kipimo kipana zaidi, Adobe RGB cha mwaka 1998, lakini kwa mtu ambaye kazi zake zinaishia kwenye albamu, fremu na simu, sRGB inatosha kabisa. Zile namba za kontrasti za mamilioni kwa moja zisikushughulishe hata kidogo.

Ukubwa usikuumize kichwa. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha kuanzia, na inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ni starehe ya macho. Ya 4K ni nzuri zaidi, ila inalitwisha boksi mzigo ambao boksi la bei nafuu haliuwezi vizuri. Na tafadhali, usifanye televisheni kuwa monita. Najua kishawishi chake: inchi 43 kwa bei ya monita ndogo. Televisheni nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa ili zivutie macho dukani, weupe wake una ubluu na rangi zimekolezwa. Ukihariri hapo, kila harusi itatoka imepauka.

Mwanga wa skrini nao ni somo ambalo halifundishwi. Monita mpya nyingi hufika kandela 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, wakati kwa kazi ya kuchapa tunahitaji kati ya 80 na 120. Malalamiko mengi ninayoyasikia Kariakoo kwamba "labu wamenitolea picha nyeusi" yanaanzia hapa. Aliyehariri aliona mwanga mwingi, akadhani umo kwenye picha, kumbe ni taa za skrini. Karatasi haina taa nyuma yake. Punguza mwanga wa skrini, kisha weka karatasi nyeupe tupu pembeni yake chini ya taa ya chumba. Weupe wa skrini usiizidi sana karatasi hiyo.

Njia ya uhakika ni kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite. Kinatundikwa juu ya kioo, kinasoma rangi moja baada ya nyingine, kisha kinaandika faili la kusahihisha skrini hiyo. Bei yake huwatisha vijana. Mimi nasema kisinunuliwe na mtu mmoja. Kupima mara moja kwa mwezi kunatosha, kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kuhudumia wapiga picha wa mtaa mzima. Tunachangishana kwa ajili ya harusi, misiba na vikoba. Sioni kwa nini wapiga picha kumi wa Sinza washindwe kuchangia kifaa kinacholinda kazi zao zote.

Na chumba chenyewe pia kiangalie. Dirisha lisiwe nyuma yako likapiga kioo, wala lisiwe mbele yako likakupofusha. Ukuta unaoutazama upake rangi ya kijivu au nyeupe iliyopoa. Nimeona studio zenye kuta za waridi na kijani kibichi, nzuri kwa wageni, lakini jicho la mhariri linazoea rangi hiyo na kuanza kuifidia kwenye picha bila yeye kujua.

Wapo wanaoniambia nahangaika bure, maana wateja wote wanatazama picha kwenye simu, na simu kila moja ina rangi zake. Ni kweli simu zinatofautiana. Moja inakoleza, nyingine inapausha, nyingine ina umanjano wa usiku ambao mwenyewe hakumbuki kuuzima. Kwa sababu hiyohiyo picha lazima itoke kwako ikiwa katikati. Picha iliyo katikati itapotoka kidogo kwenye kila simu. Picha iliyotoka kwako imeshapotoka upande mmoja, ikikutana na simu inayopotosha upande uleule, inakuwa kituko. Na simu itabadilishwa mwakani, lakini albamu itakaa kabatini kwa mama mpaka wajukuu waje kuifungua.

Turudi kwenye boksi. Kompyuta za mtumba za maofisini zinazoingia nchini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, ni mali nzuri kwa kazi hii. Zilitengenezwa ziwake kutwa nzima miaka na miaka, vipuri vyake vinapatikana, na fundi yeyote wa mtaani anajua kuzifungua. Unachotakiwa kujua ni kizazi cha prosesa, kwa sababu neno i7 peke yake halikuambii kitu. i7-4790 ni ya mwaka 2014 na ina viini vinne. i5-8500 ni ya mwaka 2018 na ina viini sita, na kwa kazi zetu inaipita ile ya kwanza ingawa jina lake linaonekana dogo. Tazama namba inayofuata baada ya kistari: ikianza na 4 ni kizazi cha nne, ikianza na 8 ni cha nane. Usishuke chini ya cha nane. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache mno. Mashine nyingi za kizazi cha nne na cha sita zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimeshuka bei kwa sababu hiyo, na muuzaji hatakuambia.

RAM iwe GB 16 kwa uchache. Ukizoea kufungua Lightroom na Photoshop kwa pamoja, 32 itakupa raha. Windows na programu zikae kwenye SSD. Diski ya kawaida inayozunguka inasoma takriban MB 150 kwa sekunde ikijitahidi, SSD ya kawaida ya SATA inafika 550, na zile za NVMe zinapita 3,000. Hakuna badiliko jingine la fedha ndogo litakaloifanya mashine ya zamani ionekane mpya kama hili. Chagua umbo la mnara, usichukue vile viboksi vyembamba: ndani ya mnara kuna nafasi ya diski za kuongeza, hewa inapita, na siku ukitaka kadi ya grafiki itaingia.

Kadi hiyo wengi hawaihitaji siku ya kwanza. Kupunguza vivuli, kurekebisha ngozi, kukata na kunyoosha picha, vyote vinakwenda na grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Ipo kazi moja inayobadilisha hesabu. Mwaka 2023 Adobe waliweka kwenye Lightroom uwezo wa kuondoa chengachenga za picha za gizani kwa akili mnemba, na kazi hiyo inategemea kadi ya grafiki karibu yote. Kama wewe ni mtu wa sherehe za usiku kwenye kumbi zenye taa hafifu, na unapiga kwa ISO 6400, basi kadi yenye kumbukumbu ya GB 8 itakuokolea masaa. Inunue ukishapata skrini.

Wapo wanaopenda Apple. Mac mini ya M4 iliyotoka mwishoni mwa 2024 ni kompyuta ndogo nzuri kweli: haina kelele, inatumia umeme kidogo, na ya bei ya chini inaanza na RAM ya GB 16. Kasoro yake ni kwamba RAM hiyo haiongezeki baadaye, na diski yake ya GB 256 inajaa mapema, kwa hiyo lazima uweke fedha ya diski ya nje pembeni. Hata hivyo, mwenye Mac mini na skrini nzuri namweka juu ya mwenye boksi la gemu na skrini mbovu, bila kusita.

Fungu la diski watu hulidharau mpaka siku ya msiba. Harusi moja ya picha 3,000, kila faili ghafi likiwa na MB 28 hivi, inakula takriban GB 84. Zidisha kwa harusi za msimu mzima uone. Kila kazi ikae kwenye diski mbili tofauti, na moja ilale nyumba nyingine. Mwizi akiingia, au maji ya mvua za masika yakiingia kama tunavyoyajua Dar, havibagui diski ya kazi na diski ya akiba zilizokaa rafu moja. Harusi hairudiwi, na baba aliyecheza na binti yake siku ile anaweza asiwepo tena siku wanapokuja kuulizia picha.

UPS nayo isiachwe. Umeme unapokatika unapoteza kazi uliyokuwa hujaihifadhi, lakini unaporudi kwa kishindo ndipo unapoua diski. UPS ya VA 1000 inaibeba mashine ya ofisini yenye prosesa ya wati 65 pamoja na monita ya IPS kwa dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Boksi la gemu lenye kadi kubwa litaimaliza kabla hujatafuta kitufe. Ukitaka baadaye kuhamia sola, utafurahi kwamba ulichagua mashine isiyo na njaa.

Kwa hayo ya umeme wengi husema basi bora laptop, ina betri yake. Kwa mwandishi wa habari anayetuma picha kutoka uwanja wa Mkapa nakubaliana nao kabisa. Kwa studio nasema hapana. Laptop za bei ya kati nyingi ndizo zenye vile vioo vya NTSC asilimia 45, joto la Dar linazichosha, vumbi lake huliondoi bila fundi, na kioo kikiharibika umepoteza kila kitu kwa pamoja. Kompyuta ya mezani unaifungua, unaipuliza, unabadilisha kilichoharibika. Skrini uliyoinunua leo kwa uangalifu itatumika hata baada ya kubadilisha boksi mara mbili.

Kwa wauzaji wa Aggrey na mitaa ya jirani nina ombi. Wekeni angalau monita moja ya kila aina ikiwa imewashwa, na mumruhusu mteja achomeke fleshi yake. Mtauza zaidi, na bidhaa hazitarudishwa.

Na wewe unayejiandaa kununua, nenda na fleshi yenye picha tatu: mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi, bibi harusi mwenye shela jeupe juani, na mistari ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kola ya suti ionekane, nyuzi za shela zionekane, kijivu kisiwe na uwaridi wala ukijani. Simama katikati, sogea kushoto, sogea kulia, chuchumaa. Rangi ikigeuka, shukuru, ondoka, nenda duka la pili. Usilipe hata shilingi ya boksi kabla hujapata kioo kilichofaulu.